Swichi ya King'ora

Taa ilikuwa nyekundu, na dereva wa ambulensi hakupunguza mwendo.

"Baba watoto, taa hiyo!" mkewe alishtuka kando yake. "Umelala?"

"Kulala ndiyo nini?" alijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka hata kuchoka. "Nimeiona. Watatupisha."

Miezi yote ya ugonjwa na amri ya kukaa ndani, barabara zilikuwa tupu. Taa za njia panda ziliwaka bure, naye alizipita zote, mgonjwa akihema kwa shida nyuma yake. Mwishowe macho yakaacha kuzijali.

Kidole chake kilikwenda chenyewe kushoto mwa usukani, penye swichi ya king'ora, kikabonyeza.

Redio ikaanza kuimba.

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba yumo katika gari lake mwenyewe, anampeleka mkewe kazini, na kwamba leo shule zimefunguliwa tena.

Mbele yao wanafunzi wenye barakoa walikuwa wameshaingia barabarani, wameshikana mikono. Waliitazama taa yao ya kijani, kama walivyofundishwa. Hakuna hata mmoja aliyegeuka.

Mguu wake bado ulikuwa umekanyaga mafuta.