Kidole cha Bochaberi

Ulimwona. Usijitie hamnazo. Ijumaa hii uliingia dukani kwa Hiren, mjini Kisii, kununua chaja ya simu. Msichana alisimama hatua moja kutoka kwako, amebanwa kati ya kaunta na goti la baba yake mdogo. Ulimwona, kisha ukainamisha macho kwenye simu yako, kama kawaida yako.

Bochaberi alishika karatasi iliyochanwa daftarini. Mwalimu Haron, aliyemfundisha kemia katika shule ya kutwa kule Nyacheki, alikuwa amemwandikia: RAM isipungue nane. SSD, si diski ya zamani. Betri ikae saa sita. Yote aliyajua kwa moyo, lakini aliishika hivyo hivyo, maana barua yenyewe ya chuo kikuu hakuwa nayo. Hiyo ilikaa ndani ya koti la Nyamongo, baba yake mdogo, na tangu ifike aliruhusiwa kuisoma mara moja tu.

"Unaenda kusomea nini?" Hiren akauliza.

"Bayokemia."

"Umeshajibu, usihutubie," Nyamongo akamkemea.

Tangu wazazi wake wafariki, Bochaberi alijifunza kupumua kwa kipimo mbele ya mtu huyu. Alichuma chai yake kabla ya kengele ya shule na baada yake, na bado akapata A. Sasa zilibaki siku tatu aende chuoni. Siku tatu za kutomuudhi. Neno moja baya, naye angefunga vifungo vya koti na kusema, twende nyumbani.

Hiren akaweka laptopu tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, inang'aa. Bochaberi akaigeuza, akasoma kibandiko cha chini.

"Hii ni RAM nne, na haiongezeki. Nikifungua programu ya molekuli na ya takwimu pamoja, itakwama."

Ya pili akaomba ichomolewe kwenye umeme. Kufumba na kufumbua betri ikashuka asilimia kumi.

"Hii imezeeka."

Hiren akacheka. "Mzee, hukuniletea mteja, umeniletea fundi! Niachie nimwajiri."

Nyamongo hakucheka. Simu yake ililia. "Wakimaliza kukusuka uje haraka," akasema, akakata. Ni mkewe, Bochaberi aliwaza. Kesho ni Sabato, lazima apendeze kanisani.

Ya tatu ilikuwa nyeusi, nzito, imekwaruzwa kona moja. RAM nane. SSD. Betri haikutikisika. Bochaberi akaiwekea kiganja juu, kama mtu anayemtuliza ndama.

"Hii, Tata," akamwambia baba yake mdogo.

"Kuitumia si kazi ngumu?" Nyamongo akamuuliza Hiren. "Mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta ataiweza?"

Bochaberi nusura atabasamu. Miaka yote hiyo, leo ndiyo mara ya kwanza kumwona akimjali. "Nitaiweza, Tata."

"Mwandikie hatua zote kwenye karatasi," Nyamongo akaendelea, kana kwamba hakuna aliyesema. "Na mfuko wake uwe wa rangi ya waridi."

Bochaberi hakuwahi kuipenda rangi ya waridi. Lakini mto ulikuwa haujavukwa, na mamba hatukanwi.

Akatazama chini. Miguuni pa Nyamongo kulikuwa na kikapu kipya cha kuchumia chai, walichokinunua asubuhi sokoni Daraja Mbili. Kamba yake ya mgongoni ilikuwa haijaonja jasho la mtu. Pole yako, kibarua unayekuja kushika mistari yangu ya chai, akawaza, na kwa mara ya kwanza siku ile pumzi ikamshuka hadi tumboni.

"Risiti niandike jina gani?" Hiren akauliza.

Hatimaye Nyamongo akaitoa barua, akaikunjua juu ya kaunta, akaikandamiza kwa kiganja. "Andika kama lilivyo hapa. Persis Bochaberi Omosa."

"Lo! Jina zito hili kwa mtu mwembamba."

"Ni la nyanya yetu," Bochaberi akasema. Furaha ilikuwa imemponyoka mdomoni. "Alifariki mwaka mmoja kabla hatujazaliwa. Kwetu marehemu hatupwi. Wanawe wote wawili wakamrudisha kwa binti zao, jina zima zima. Ukisimama uani ukaita Bochaberi, milango miwili inafunguka."

"Maneno mengi," Nyamongo akasema.

Hiren akaiwasha laptopu, akaigeuzia upande wao. "Hii inafunguka kwa kidole. Weka hapa mara tano, uinue na kurudisha. Ikishakushika wewe, hakuna mwingine atakayeifungua."

Bochaberi akakitazama kidole chake. Utomvu wa chai ulikuwa umekitia weusi usiotoka kwa sabuni. Akakifuta kwenye sketi, akakifuta tena, akakinyoosha.

Mkono wa Nyamongo ukakidaka hewani.

"Ngoja," akasema. Akageukia mlango, akapaza sauti. "Bochaberi!"

Binti yake akaingia, nywele zimesukwa upya, akapita katikati yao na kuweka kidole safi juu ya kitufe. Mara tano. Nyamongo akakisukuma kikapu kwa mguu mpaka kikasimama mbele ya mtoto wa ndugu yake.

"Jumatatu kuna majani," akamwambia.

Hiren akaendelea kuandika risiti. Leo ni Ijumaa na ofisi ya chuo haijafungwa. Wewe mwenye chaja mpya, nambari iko pale juu ya barua, mbele ya macho yako, piga sasa hivi uwaulize: ni Bochaberi yupi aliyefanya mtihani?