Mtihani wa Ghorofa ya Nne

"Bila kuketi, bila kushikwa mkono," alisema Mama. "Nikifika ghorofa ya nne, habari ya kunihamishia kwenu iishe leo. Sitoki kwenye jengo hili."

Binti yake, muuguzi, akamtazama kaka yake, dereva wa lori. Walikuja na masanduku matupu na maneno waliyoyapanga njia nzima: Mama ana miaka sabini na tisa, magoti yamegoma, nyumba yake iko ghorofa ya nne na lifti imekufa tangu mwaka juzi. Wakamkuta chini, ameketi kitini, raba miguuni, anawasubiri.

"Na usipofika?" aliuliza muuguzi.

"Nafunga virago jioni hii hii. Nitalala kwenye chumba chenu kile cha nyuma, mniletee uji na kuniuliza kama nimekwenda chooni."

Wakapeana mikono.

Muuguzi alikwishajua mwisho wake. Kila siku wodini aliwaona wazee wanaoapa kwamba wako ngangari huku wameng'ang'ania kitanda.

Ghorofa ya kwanza Mama aliipanda akiimba. Ya pili akasimama kumsalimia jirani. Akamuuliza hali ya watoto, ya mume, ya kikohozi cha mume, na ya bomba la jikoni.

"Huko ni kupumzika," alisema dereva, akifuta jasho.

"Ni adabu. Wewe nani alikufundisha kupita mlango wa mtu kimya kimya kama mwizi?"

Ya tatu akainama kufunga kamba za viatu. Akazifunga, akazitazama, hazikumpendeza, akazifungua, akazifunga upya. Muuguzi akamsikia akihema kwa pua ili asisikike. Akauona mkono wake ukifuata ukuta, bila kuugusa.

"Mama, inatosha. Kuzeeka si aibu."

"Nani kasema ni aibu? Magoti haya yamechoka, nayajua kuliko wewe na vyeti vyako. Ila yatapumzika pale nitakapotaka mimi. Hebu nipishe."

Aliyeketi ni dereva. "Tangulieni," alisema, amejishika kiuno kama mjamzito. "Nawafuata."

Ngazi za mwisho Mama alizipanda moja moja, mguu wa kulia ukitangulia, wa kushoto ukiburuzwa nyuma yake. Alipofika juu hakuketi. Akamsubiri mwanawe ajikokote hadi pale, kisha akauliza taratibu:

"Nani kashinda?"

"Umeshinda," alisema muuguzi, na akashangaa kujikuta anafurahi. "Hatutakuhamisha."

"Na wewe, baba?"

"Sitalitaja tena," dereva alisema kati ya pumzi mbili. "Fungua, Mama, tukae."

Mama hakutafuta ufunguo. Akagonga.

Mlango ukafunguliwa na mwanamke kijana wasiyemjua, kitambaa kichwani, mswaki mdomoni.

"Shikamoo, Bibi. Umefuata nini huku juu? Si tulibadilishana nyumba mwezi uliopita, ukachukua yangu ya chini?"

"Marahaba. Nilikuwa na kazi ndogo," alisema Mama, ameshageuka kuelekea ngazi. "Haya, wanangu, twendeni kwangu. Chakula kinapoa."