Matone Chini ya Ulimi

Salmini alipotoka kuoga alimkuta mama yake mlangoni mwa choo, ameshika kichupa kitupu.

“Nimemwaga,” alisema Bi Rehani. “Nimenusa mwenyewe. Bangi ni bangi, hata ukiitia kwenye kichupa.”

“Mama, hiyo ni dawa, kanipa daktari! Matone mawili chini ya ulimi, ndiyo yanayonizuia nisirudi kwenye unga.”

“Kwani wewe na rafiki yako Kombora mlianzia wapi? Si bangi hiyohiyo?”

Ni kweli walianzia hapo. Kombora alikufa masika yaliyopita, sindano bado iko mkononi. Lakini kila nguvu ya dawa ilipoisha mwilini, Salmini alimsikia nje ya dirisha akipiga mluzi wao wa kuitana kwenda kununua unga.

Kliniki ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu. Jasho lilianza kumtoka, mifupa ikamuuma. Mluzi ukaja, mchana kweupe.

“Nifungie humu, mama. Nikikuomba ufunguo usinipe, hata nikikutukana.”

Bi Rehani alimtazama, akaelewa kwamba alichomwaga kilikuwa dawa kweli. Aliingia naye chumbani, akafunga mlango kwa ndani, akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga, akaketi chini na mgongo wake mlangoni.

Haikupita muda Salmini akaanza kumtukana. Bi Rehani alikuwa ameelekeza uso dirishani, kule mluzi ulikotokea. 

“Leo hatoki, Kombora,” alisema taratibu. “Nenda kwenu, mwanangu.”

Pazia lilikuwa likichezacheza, na nje hakukuwa na upepo.