Wifi Lazima Aolewe

Perihan alitumbukiza vidole vyote kumi kwenye maji ya chumvi yaliyolowekewa majani ya mzabibu, akavituliza humo kwa heshima kama anayetawadha. Hakuwa amekunja sarma, yale majani yanayoviringishwa na nyama ndani, hata moja tangu azaliwe. Lakini waposaji walikuwa njiani, na mama wa kijana alijulikana mji mzima wa Tokat kwa kunusa mikono ya mabinti kabla ya kuonja chakula chao.

"Viloweke vizuri," Nurdane alimwambia bila kuinua macho. "Ngozi ikunjamane. Ifanane na ya mtu anayefanya kazi."

"Wewe kunja, acha mdomo."

Nurdane, mke wa kaka yake Perihan, alikuwa akikunja tangu asubuhi. Jani, mishipa juu. Nyama na chenga za ngano, kidogo tu. Pembe ndani, kisha viringisha mpaka liwe jembamba kama penseli. Siku nyingine angekunja manene kama vidole gumba ili kuikomoa familia nzima. Leo alikuwa na sababu.

Sababu yenyewe ilikuwa chumba. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vya kulala: kimoja cha mama mkwe, kingine cha Perihan na masanduku yake ya vitambaa vilivyotariziwa kwa ajili ya harusi isiyofika. Nurdane, mumewe na kichanga chao walilala sebuleni, na kila alfajiri walikusanya magodoro kabla mama mkwe hajaanza kukohoa kwa makusudi. Siku Perihan atakapotoka, chumba ni chao. Nurdane alikuwa ameshakishonea mapazia. Aliyaficha chini ya gunia la vitunguu.

Mama mkwe, Makbule, aliingia, akachukua sarma moja, akaipima kwa kidole chake cha mwisho, akaifumua.

"Hii nini? Mto wa kulalia? Kwenu mlikuwa mnakunja mablanketi?"

"Kwetu tulikunja hivyohivyo, mama, na tukaolewa."

Perihan alitoa mikono kwenye bakuli. "Wifi, ukitia pilipili ya kuniharibia, naapa mbele ya mama…"

"Nikuharibie? Mimi? Katika nyumba hii hakuna anayekuombea uolewe kunishinda mimi. Ingewezekana ningekukunja na wewe, nikakupakua pamoja na hizi."

Perihan alimtazama usoni, akamwamini, akarudisha vidole majini.

Nurdane alizipanga sufuriani duara kwa duara, akazifunika kwa sahani iliyopinduliwa ili zisifumuke, kisha akaweka jiwe juu ya sahani. Alilitazama jiwe lile kwa muda, kama hakimu anayemwapisha shahidi.

Mchana wageni wakafika: Bi. Gülsüm na mwanawe Tuncay, kijana mnene mwenye macho ya upole, ambaye alisalimia kwa kichwa tu. Bi. Gülsüm alinusa vidole vya Perihan, kimoja kimoja. Akaridhika. Akala. Tuncay naye akala, akaendelea kula, mpaka maua yaliyochorwa kwenye sahani yakaanza kuonekana.

"Umezikunja mwenyewe, mwanangu?" Bi. Gülsüm aliuliza.

"Mwenyewe, mama," Perihan alijibu, macho chini, uso umejaa haya ya kuazima.

Mlangoni mwa jikoni, Nurdane alianza kumimina chai.

Bi. Gülsüm alipangusa mdomo, akaanza kuzikagua kuta. "Na chumba cha binti, ni kikubwa?"

Makbule alisita. Nurdane aliwahi, chai mkononi: "Kikubwa, mama! Kinapata jua tangu asubuhi. Kuta kavu, huoni doa la ukungu. Kitanda cha watu wawili kinaingia, na cha mtoto kinapata nafasi pembeni. Nimepima mwenyewe."

"Kelele za barabarani?"

"Hata kidogo. Kimya kama msikitini siku isiyo ya Ijumaa."

Makbule alimkodolea macho. Tangu aolewe, mkwe huyu hakuwahi kuisifia nyumba ile hata kizingiti.

Bi. Gülsüm alishusha pumzi ndefu, akaushika mkono wa Makbule. "Basi dada yangu, nami niseme la moyoni. Binti tumempenda. Ila kwangu wana wanne wameshaoa, wote wamo ndani na wake zao, hakuna pa kuweka hata paka. Nilikuwa naona aibu kuomba. Lakini kama chumba kipo, tena kina jua, Tuncay wangu atahamia kwenu."

Tuncay aliinua kichwa kutoka sahanini, akatamka neno lake la kwanza tangu aingie.

"Na hizi zitapikwa kila siku?"

Perihan aliificha mikono yake chini ya meza, akamgeukia wifi yake, akatabasamu.

"Kila siku," alijibu.