Waya wa Kijani

Bi Hadikwa alilitua mezani kopo la biskuti ambalo marehemu mumewe aliligeuza amplifaya, akalifuta vumbi kwa upindo wa kanga. Mumewe alikutwa ameanguka kando ya kopo hilo, na watu wakasema ni moyo.

"Nitengenezee, fundi. Nataka lisikike kwenye hitima yake."

Fundi Mbaruku alifungua kifuniko. Transfoma ilikaa vizuri, kazi ya mtu mwenye subira. Ila waya wa kijani, ule wa kwenda ardhini, ulikuwa umekatwa na kufungwa utepe.

"Nani kaukata huu, mama?"

Hakujua. Mbaruku aliubana waya kwenye bati la kopo, akachomeka plagi. Tap! Swichi kuu ikaruka, feni ya darini ikaanza kupunguza mwendo.

"Transfoma inavujisha umeme kwenye kopo. Waya huu ndio uliokuwa ukiirusha swichi, mtu asije akanaswa na umeme."

Bi Hadikwa akaketi. Wiki nzima alikuwa amemgombeza mumewe: kila akiwasha kopo lake, umeme unakatika, friji inazima, barafu zake za kuuza zinayeyuka. Mpaka alasiri ile ya mwisho mumewe alipotoka chumbani akitabasamu, bisibisi sikioni.

"Nimeshamaliza, mke wangu. Barafu zako haziyeyuki tena."

Naye, kwa furaha, alimpa barafu ya ukwaju, aliyoipenda.

"Pandisha swichi," Bi Hadikwa alimwambia fundi.

"Itaruka tu, mama."

"Pandisha, baba."

Tap!

"Tena."

Juu ya vichwa vyao, feni ilijaribu kuzunguka.