Mihula Miwili, Basi

Mlinzi aliufunga mlango kwa nje, kisha akakitikisa kitasa kuhakikisha.

"Kwani sisi mbuzi?" mama alifoka. "Afande! Nataka kutoka, nipate hewa!"

"Maagizo yametoka juu, mama," sauti ilijibu kwa adabu. "Ni kwa usalama wenu."

Mzee, mumewe, alikohoa, akacheka kicheko kikavu. "Juu wapi, mwanangu?"

Kitasa kilitikiswa tena.

Tangu asubuhi mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni, koti mapajani, kama abiria aliyeachwa. Masanduku yalikuwa tayari. Simu walinyang'anywa jana. Kilichobaki ni redio ndogo, nayo ilibaki kwa sababu mama aliificha ndani ya foronya.

Bungeni walikuwa wanapiga kura. Katiba ilisema rais ni mihula miwili, basi. Leo walitaka kukifuta kifungu hicho, rais akae mpaka achoke.

"Kifungu hicho nilikipigania mimi," mzee alisema. "Nilikipigania mpaka sauti ikakauka. Miaka kumi nimeisubiri siku ya kwenda kwetu."

"Na wanaokifuta ni wenzako! Wamekula mezani kwangu. Yule kipara alipougua nilimkorogea uji kwa mkono wangu huu."

"Mke wangu, niache."

"Nikuache? Mjukuu anatembea sasa, mimi namjua kwa picha! Uliniambia mwezi huu tunalala kwetu. Ukasema paa linavuja. Nikasema livuje tu, nitalala na mwavuli. Haya, kwetu kuko wapi?"

Mzee aliongeza sauti ya redio.

Majina yalisomwa. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Mzee alikuwa anahesabu "hapana" kwa vidole, akaishia kwenye kidole gumba, moja tu. Kipara naye alisema ndiyo, tena kwa kelele. Spika akagonga meza, ukumbi ukajaa vigelegele. Kifungu kikawa kimekufa.

Mzee alivua kiatu kimoja. Cha pili hakukigusa.

"Bado," mama alinong'ona, akamshika bega. "Wao wamesema. Wewe hujasema."

"Nitasemea wapi? Ndani ya foronya?"

"Popote! Piga kelele dirishani!"

"Dirisha lenyewe linatazama walinzi."

Mama aliinuka, akaenda kulisukuma hata hivyo. Halikufunguka. Akalipiga kofi.

Nyuma yake mtangazaji alikuwa anahema kwa furaha. "Ndugu wananchi, na sasa tumsikilize Rais wetu mwenyewe, kauli aliyoitoa juzi uwanjani!"

Ikasikika sauti ya mzee mwenyewe, nzito, ikianza na kikohozi chake kilekile:

"Ndugu zangu, siondoki!"

Uwanja ukalipuka kwa shangwe.

Mama akageuka kumtazama mumewe. "Si ulisema 'siondoki bila kuwaaga'?"