Maua ya Mama Pascaline

"Simu inakataa," mtoto wa mwisho wa Mama Pascaline alisema, na mlangoni pa kanisa wote wakanigeukia mimi.

Mraba ule wa weusi na weupe, yaani QR, niliutengeneza mimi. Ukiupiga picha, simu inakuonyesha namba ya kanisa letu la Kasongo. Niliuchapa kwenye karatasi, mchwa wakaila. Ndipo Mama Pascaline, anayeshika simu ya kanisa, akautarizi kwa uzi kwenye kitambaa. Kazi safi kabisa! Ila aliona sehemu nyeupe zinakaa uchi, akazijaza maua mekundu.

"Mama, ni maua yanayoichanganya simu. Itabidi yatoke," nilisema.

Aliniangalia kana kwamba nimemtukana. Lakini nje pikipiki ya kumpeleka kijana wake huyo Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, ilikuwa imeshawashwa. Akashika wembe, akafumua ua moja, uzi kwa uzi.

"Jaribu."

"Inakataa, mama."

Akafumua la pili, polepole zaidi. Namba ikatokea.

"Basi," alisema, akificha wembe haraka. "Hayo mengine iko vizuri, yabaki."

Kijana akapiga. Simu ikalia ndani ya kitenge cha mama yake. Mama akaipokea, ingawa walisimama wakitazamana, viatu vyao karibu vigusane.

"Alo, hapa ni kanisa. Ni nani, na uko wapi?"

Simu ya kijana ilibaki sikioni.

"Ni mimi, mama. Niko Salamabila."

Mama Pascaline akaigandamiza simu sikioni.

"Umekula?"